Kasha la Chuma la Nyumba ya Wazee

Hiram Mburu alikuwa mtu wa kufunga. Alifunga mlango kisha akausukuma kwa bega kuhakikisha umefungika. Alifunga kamba za viatu mafundo mawili. Hata mdomo wake aliufunga, na vijana wa mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, wakamwita Bwana Kufuli, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watu wa namna hiyo huchekwa hivyo hivyo mpaka siku wanapohitajika.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alizaliwa Ndabibi, kwenye shamba la mzungu ambako baba yake alikamua ng'ombe, na ng'ombe hawafundishi mtu kufunga chochote isipokuwa zizi. Vita vya Hitla vilimchukua akiwa kijana, vikamfundisha kuosha vidonda na kupiga sindano, vikamrudisha Nakuru akiitwa dresa. Jina hilo alilipenda. Alipopata kazi katika Nyumba ya Wazee aliona amefika.

Nyumba yenyewe ilikuwa banda refu la mabati nyuma ya Bondeni. Mjane mmoja wa kizungu ndiye aliyeianzisha, na watu wote walimwita Memsahibu tu. Ndani walilala wanaume waliokuja Bonde la Ufa na nguvu zao zote, wakazimwaga kwenye reli, kwenye vita na kwenye mashamba ya watu, na zilipokwisha hawakuwa na wa kuwachemshia hata uji. Mpishi alikuwa Kuluthum, mjane wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kupakua. Hiram aliangalia dawa, Kuluthum akaangalia matumbo, na kati yao wazee waliishi.

Siku hizo dawa zilikaa jikoni, kwenye rafu, katikati ya chumvi na mafuta ya taa. Na kila mtu mzima wa Nakuru anakumbuka mtindo wa hospitali wakati ule: ukitaka dawa ya maji, njoo na chupa yako. Basi dawa ya kikohozi ilirudi nyumbani ndani ya chupa ya maji ya machungwa, na dawa ya kuchua mgongo nayo ikarudi ndani ya chupa ya maji ya machungwa. Hiram alizijua kwa mahali zilipokaa. Hii kushoto, ile kulia.

Asubuhi moja Kuluthum alifagia rafu, akazirudisha chupa kama zilivyomjia mkononi. Mzee Makokha, aliyekuwa amelaza mataruma ya reli toka Nakuru hadi kwao magharibi, alibanwa na kikohozi. Hakutaka kumsumbua mtu. Alijikokota mwenyewe mpaka jikoni, akanyoosha mkono kushoto, akanywa dawa ya kuchua mgongo. Jua halijafika utosini, Makokha alikuwa amekwisha kufa.

Hakuna aliyemlaumu Hiram, na hilo ndilo lililomuumiza. Angetukanwa angejitetea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Hiram tangu siku ile alishtuka kila alipoona chupa bila kizibo. Alikwenda kwenye mnada wa vitu vya jeshi akanunua kasha la chuma lililokuwa likibeba risasi wakati wa vita, si kubwa, lakini zito, lenye kufuli iliyounganishwa nalo. Akalipaka rangi nyeupe. Akaliweka chumba cha stoo, akapanga dawa ndani yake mistari miwili, na kila chupa akaibandika karatasi yake. Funguo zilikuwa mbili. Memsahibu alipewa mmoja, lakini alikuwa akiacha mkoba wake popote alipokaa, na haikupita wiki Hiram akamwomba ufunguo ule kwa adabu. Akazifunga zote mbili kwenye kamba moja, akaivaa kiunoni.

Hata hapo hakutosheka. Kufuli ni chuma, alifikiri, lakini mkono wa mtu hutafuta njia. Akawakusanya wazee wote stooni akawataka waape kwamba hakuna atakayeligusa kasha ila yeye, hata akiwa na maumivu ya namna gani.

Wa kwanza kuapa alikuwa Mzee Gelle. Huyu alikuwa Msomali, mwembamba, mrefu, askari wa zamani aliyependa sherehe yoyote yenye kusimama wima. Aliweka mkono juu ya msahafu, akakaza mgongo.

"Mimi nikiapa nimeapa," alisema. "Muulize mtu yeyote."

Rafiki yake Mzee Dualeh, aliyekuwa akifanya biashara ya ngozi mpaka macho yakafifia, akafuata. Wakristo wakaapa kwa Biblia. Mzee mmoja alisema yeye hana dini ila mama yake, akaapa kwa kaburi la mama yake. Kuluthum alipoitwa alishika kiuno.

"Na mimi mpishi niape? Kwani mimi nakunywa dawa?"

"Apa tu, mama," Hiram alimwambia.

Akaapa. Yote hayo yalikuwa mwaka wa hamsini, wakati mtu aliweza kuapa barazani, kanisani au kwenye mchezo wa karata, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Miaka miwili baadaye Serikali ikatangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya waasi wa msituni waliolishana viapo, na kumwapisha mtu, hasa ukiwa Mkikuyu kama Hiram, kukawa jambo la kukupeleka kwenye kamba ya kunyongea. Hiram hakuyafikiria hayo. Yeye alifikiria chupa.

Alimfikiria sana Gelle. Mzee huyu alikuwa na pumu, na Nakuru ni mji mbaya kwa mtu wa pumu. Kiangazi kikikaza ziwa hurudi nyuma, likaacha uwanja mweupe wa magadi, na upepo wa mchana huyazoa magadi hayo ukayaleta mjini, yakaingia machoni, kwenye sufuria na vifuani. Kifua cha Gelle kilianza kwa filimbi nyembamba. Ukimpa vidonge wakati wa filimbi, alipona. Ukichelewa, ilibidi sindano. Ukikosa sindano, basi. Hiram aliweka vidonge vya Gelle mstari wa mbele, na sindano yake pembeni, mkono uvipate hata gizani.

"Daktari," Gelle alikuwa akimwita, akijua vizuri kwamba si daktari. "Siku nikifa, fungua hiyo sanduku yako uone kama roho yangu haiko ndani umeifungia."

"Hutakufa kwa pumu, baba. Labda kwa mdomo."

Ilikuwa Februari ya mwaka wa hamsini na nne. Memsahibu alikuwa amekwenda likizo kwao Ulaya. Upepo ulikuwa umevuma jana yake kutwa, na alfajiri Hiram aliamshwa na filimbi ya kifua cha Gelle ikipenya ukutani. Akavaa koti, akafungua kamba kiunoni, akatoka akiwa ameshika funguo mkononi. Kutoka chumba chake mpaka stoo ilikuwa ni kuvuka uwanja tu.

Hakuvuka. Malori yalikuwa yameujaza mtaa wote, kipaza sauti kikiwaamuru watu wa makabila mengine wasitoke majumbani, na Wakikuyu watoke mikono juu. Askari wawili walimdaka katikati ya uwanja. Aliwaambia kuna mzee anabanwa na pumu, wamwache afungue kasha, watamchukua baadaye. Mmoja akamsukuma kwa kitako cha bunduki. Hapo Hiram akamwona Kuluthum mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akafanya jambo lililomjia haraka. Akazirusha funguo zimfikie.

Hazikumfika. Zilianguka mavumbini, na kiatu cha askari kikazikanyaga.

Mtu anayerusha funguo alfajiri anaficha kitu. Ndivyo alivyofikiri askari yule, na kusema kweli hata wewe ungefikiri hivyo. Akaziokota akazitia mfukoni. Hiram akapandishwa lori, na jambo la mwisho alilosikia kabla injini haijanguruma ni ile filimbi.

Kambi ya uchunguzi ilikuwa nje ya mji, uwanja uliozungushiwa seng'enge. Waliokamatwa walichuchumaa kwa mistari, mikono kichwani. Mbele yao alikaa mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, naye alitikisa kichwa kuonyesha kwamba mtu ni mwasi, au akaacha. Kwa wengine aliacha. Kwa Hiram alitikisa. Hiram hakumjua ni nani, na mpaka leo hakuna anayejua. Gunia halina uso.

Wakamwingiza hemani mbele ya ofisa wa kizungu. Funguo zilikuwa mezani. Ofisa alijua Kiswahili cha kuamuru wapagazi.

"Hii funguo ya nini?"

"Ya kasha la dawa, bwana. Katika Nyumba ya Wazee. Kuna mzee anakufa, bwana, kama utatuma mtu na hiyo funguo..."

"Wewe natupa funguo ya dawa? Kwa nini?"

Hiram akaeleza. Akaeleza upepo, magadi, filimbi, vidonge mstari wa mbele. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa maneno yakamtoka ovyo, ofisa akachoka kabla hayajafika mwisho.

"Wewe nalisha wazee kiapo?"

Mtu mwingine angekana. Hiram alikuwa mlokole wa kusema kweli, na tena aliona akisema kweli hii moja, ataaminiwa ile nyingine.

"Niliwaapisha, ndiyo, bwana. Wasiguse kasha."

Karani aliandika. Ofisa alitabasamu kwa mara ya kwanza, na Hiram akatolewa nje akachuchumaa tena.

Mlinzi wa mstari wake alikuwa askari kijana, Kipketer, ambaye Hiram alikuwa amemfunga kidonda cha mguu mwaka uliopita. Hiram alimnong'oneza bila kuinua kichwa.

"Bwana Kipketer. Zile funguo. Zipeleke tu kwa mama mpishi. Mimi niache hapa."

Kipketer alitazama mbele. "Mzee, mimi nikishika hiyo funguo, kesho niko hapa chini na wewe."

"Basi nenda umwambie mtu wa hospitali."

"Mji umefungwa. Hata sisi haturuhusiwi kutoka."

Alisema kwa sauti ya huruma. Huruma yake haikuvuka seng'enge.

Mchana upepo ukaanza. Hiram aliuona ukitoka upande wa ziwa, ukuta mweupe ukitambaa juu ya nyasi. Ulipita juu ya kambi, watu wakapiga chafya, askari wakafunika nyuso, ukaendelea kwenda mjini. Akaufuata kwa macho mpaka ulipofika kwenye mabati ya Bondeni. Alijua sasa Gelle ameketi kitandani, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, shingo imekaza. Alijua dawa iko wapi kwa kipimo cha kidole. Katika maisha yake hakuwahi kujua jambo vizuri hivyo, na halikumsaidia kitu.

Ndipo likamjia wazo. Kweli hakuna aliyeifuata. Lakini uongo wangeufuata mbio. Akaomba kurudishwa hemani.

"Bwana," alisema, "katika lile kasha kuna bunduki."

Ofisa aliinuka. Hiram akaongeza risasi. Akataja rangi ya kasha, akataja stoo, akaeleza nyumba ilipo, akasihi waende upesi kabla halijahamishwa, nao waende na funguo. Alijua wakifungua watakuta chupa, na Kuluthum atakuwepo, na atavichukua vidonge mbele ya macho yao. Baadaye wamfanye watakalo. Gari likaondoka likiwa na funguo ndani yake, na Hiram akachuchumaa jua likimpiga, akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Alikuwa na furaha. Naona aibu kuisema, lakini kwa muda ule alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote walioko kambini.

Gari lilirudi kabla ya jioni. Ofisa alishuka amewiva uso.

"Hakuna kasha," alisema.

"Lipo, bwana. Stooni."

"Stoo iko tupu. Wazee yote nasema hakuna kasha. Wewe nacheza na mimi."

Kasha zito namna ile, tangu miaka minne halijasogea, limekwenda wapi? Alipigwa, na huku akipigwa alikuwa bado anauliza. Siku iliyofuata akapandishwa lori jingine pamoja na wengi, wakateremshwa njia ya Longonot, na kutoka hapo kwenda kwenye kambi za mbali, nchi za joto, ambako hakuna aliyejua Nakuru ina ziwa.

Kule alikaa mpaka mwaka wa hamsini na saba. Alivunja mawe, akachimba mitaro, akafunga vidonda vya wenzake kwa vitambaa vya mashati. Mke wake Wamuyu alikuwa amerudishwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu, na habari zake zilimjia mdomo kwa mdomo, nusu za kweli. Habari za Gelle hazikuja kabisa. Usiku aliuliza lile swali lake, kasha limekwenda wapi, mpaka likakosa maana kama jina la mtu ukilirudia mno.

Alipoachiliwa walimpa mfuko wa vitu vyake. Mkanda, senti kidogo, na funguo mbili kwenye kamba. Zilikuwa zimeshika kutu.

Hakwenda moja kwa moja kwa Wamuyu, na mkewe alikuja kumsamehe baadaye. Alishuka stesheni ya Nakuru akatembea mpaka Bondeni. Nyumba ya Wazee ilikuwepo. Ukutani palikuwa na kabati jipya la dawa lenye kioo, limeletwa na Memsahibu aliporudi. Kuluthum alikuwa jikoni, amenyauka, nywele zimeota mvi. Alimwona akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Hiram," alisema. Kisha akakaa chini.

Hiram hakuuliza juu ya Gelle. Angekuwa hai, angekuwa amekwisha kumwita daktari.

"Kasha lilikwenda wapi, mama?"

Kuluthum alifuta mikono kwenye kanga muda mrefu. "Lilikuwa chini ya kitanda cha Gelle."

Akamweleza. Hiram alipochukuliwa tu, Gelle alisema hao watarudi kutafuta kasha. Yeye alikuwa askari, anajua askari hutafuta nini. Wakiona kasha la jeshi, wamemnyonga Hiram. Basi wazee wote, wale wa fimbo na wale wasioona, walilikokota kwa blanketi mpaka chini ya kitanda chake, Gelle akalala juu. Walisema kukokota blanketi si kugusa kasha.

"Walikuja mchana, na bunduki. Wakaingia stoo, wakaingia jiko. Walipotaka kuja kitandani, mimi nikawaambia huyu ana kifua kikuu. Na jinsi alikuwa anavuta pumzi, waliamini. Hakuna aliyesogea. Tukasema wote, hapa hakuna kasha, hatujaona kasha. Mmoja alikuwa ameshika funguo zako. Niliziona. Nikafikiri wamekunyang'anya ili wakupate na makosa."

Hiram aliziangalia funguo mkononi.

"Walipoondoka nikamwambia Gelle, nivunje. Akasema hapana, ameapa. Nikamwambia kiapo kina kafara, baba, tutalisha maskini. Akacheka, na pumzi hana. Akasema, 'Maskini si ndio sisi?'" Kuluthum alitazama sufuria yake. "Mimi nilivunja kiapo, Hiram. Nilichukua shoka la kuni. Nilipiga mpaka mpini ukakatika. Hilo kasha lako ni zuri. Wakati mpini unakatika alikuwa bado ananitazama. Unisamehe."

Kasha lilikuwa stooni, mahali pake pa zamani. Memsahibu alitaka kumwita fundi alikate, wazee wakamsihi asifanye hivyo, naye kwa kuwa dawa mpya zilikuwa zimefika, akaacha. Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka juu ya kifuniko, mahali shoka lilipopiga na kupiga. Chuma hakikuwa kimeingia hata unene wa kucha.

Hiram alipiga magoti. Ufunguo ulikataa, akaupaka mafuta ya taa, ukakubali. Ndani hapakuwa na vumbi. Chupa zilisimama mistari miwili kama alivyoziacha, karatasi zikitazama mbele, na vidonge vya Gelle vilikuwa vya kwanza, vimekuwa unga mweupe ndani ya chupa yake. Sindano ilikuwa pembeni. Akanyoosha mkono, na mkono ukavipata bila kutafuta.

Nyuma yake fimbo iligonga sakafu. Alikuwa Mzee Dualeh, wa mwisho kati ya wazee walioapa, kipofu kabisa sasa, ameongozwa na mlio wa bawaba.

"Ni Hiram hiyo?"

"Ni mimi, baba."

"Umefungua?"

"Nimefungua."

Dualeh alikaza mgongo kama alivyomwona rafiki yake akifanya siku ile ya msahafu.

"Hesabu," alisema. "Utakuta zote. Sisi hatukugusa. Hata alipokuwa anakufa, hatukugusa."

Kuluthum alitoka kwenda jikoni, sauti ya sufuria ikasikika. Mzee hakuondoka. Alikuwa amegeuza sikio upande wa Hiram, anangoja. Hiram akamwambia kwamba walifanya vizuri.